Shemeji anasema nisiguse breki ya mbele

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na kidonda mguuni na hasira kidogo moyoni. Nafanya kazi ya zamu, natoka nyumbani alfajiri wakati usafiri bado ni wa shida, ndiyo maana mume wangu akanitafutia pikipiki ya mtumba, cc 150, ya gia na klachi. Baiskeli naijua tangu utotoni. Pikipiki sikuwahi hata kuiwasha.

Anayenifundisha ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Anaendesha vizuri, sikatai, na ananipa muda wake bure. Ila mafunzo yake yote yana amri mbili. Ya kwanza, "Usiguse breki ya mbele, itakurusha." Ya pili, "Barabara ndiyo mwalimu." Tumekwenda uwanjani jioni chache tu, injini ikinizimikia karibu kila nikitaka kuondoka, na tayari anataka tuingie barabara kuu nikatoe woga.

Wiki iliyopita nilikuwa nakata kona pale pale uwanjani, taratibu kabisa, nikauona ukuta. Nikaukodolea macho, nikakata mafuta, injini ikazima, pikipiki ikalala na mimi chini yake. Mguu ukagusa ekzosi. Shemeji akacheka, akasema kila dereva ameungua pale. Kofia ninayovaa nayo ni yake ya zamani. Nikigeuza shingo kutazama kushoto, kofia inabaki imetazama mbele.

Juu ya hayo, mdogo wangu wa sekondari ameshaanza kuuliza ni lini nitampakia kumpeleka shule.

Naomba unijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Je, ni kweli kuhusu breki ya mbele? Nitajuaje kwamba niko tayari kwa barabara? Na nimwambie nini shemeji bila kuonekana sina adabu? Mume wangu anasema nimsikilize kwa kuwa yeye ana uzoefu.

Ni mimi,
Mwanafunzi Mwoga

*

Marahaba, binti yangu. Pole sana kwa huo mguu.

Nianze nao. Ukiungua tena (nakuombea usiungue), weka mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 nzima, wala usipake mafuta au dawa ya meno. Kidonda ulicho nacho sasa kikitoa usaha au wekundu ukizidi kutambaa, nenda hospitali. Kuanzia leo usipande pikipiki bila suruali nzito na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Shemeji anaposema kila dereva ameungua pale, mwulize kama siku hiyo alikuwa amevaa buti.

Sasa breki. Shemeji hajatunga uongo, ameshika nusu ya ukweli, na katika pikipiki nusu ya ukweli ni jambo la hatari. Ukikaza breki, uzito unakimbilia mbele. Tairi la mbele linagandamizwa chini na kuongeza mshiko, la nyuma linabaki jepesi na kupoteza mshiko. Kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Kwa kawaida inatajwa kuwa asilimia 70 au zaidi. Tazama hata pikipiki yako. Nyingi za ukubwa huo zina diski mbele na breki ya ngoma nyuma. Mtengenezaji hakuiweka ile diski kwa urembo.

Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa ripoti ya ajali za pikipiki baada ya kufika wenyewe kwenye ajali 900 hivi za eneo la Los Angeles. Walikuta kwamba hatari ilipotokea, waendeshaji wengi walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi mpaka tairi likaburuzika, huku ya mbele wakiitumia kidogo mno. Walikuta pia kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Nikifika hapo kwenye ile ripoti huwa nawafikiria mashemeji wote wa dunia hii. Ni kazi ya zamani, ya eneo moja, na pikipiki zimebadilika sana tangu hapo, lakini jinsi uzito unavyohama mtu akikaza breki haijabadilika.

Nusu ambayo shemeji yuko sahihi ni hii. Breki ya mbele ikinyakuliwa ghafla, kabla uzito haujahamia mbele, tairi linaweza kufunga, yaani kuacha kuzunguka, na kuteleza, nawe ukalala chini kabla hujajua kilichotokea. Ikikazwa huku usukani umepinda, hasa kwenye mwendo mdogo, pikipiki inaanguka upande ule ule uliokatia kona. Kwenye mchanga, kokoto au matope pia inataka mkono mwepesi sana. Nina hakika alimwona mtu akianguka kwa mojawapo ya njia hizo, au alianguka mwenyewe, ndipo akatoka na amri yake.

Dawa ni kujua namna ya kuitumia. Nyoosha usukani kwanza. Gusa breki ya mbele kwa vidole taratibu mpaka uhisi pua ya pikipiki inainama kidogo. Hapo ujue uzito umefika mbele. Ndipo ukaze zaidi, na uzidi kukaza kadiri unavyohitaji, mguu nao ukiwa kwenye breki ya nyuma kwa kiasi. Gusa, halafu kaza. Tairi la mbele likianza kuburuzika, achia mara moja kisha ukaze upya. Kama pikipiki yako ina ABS, yaani mfumo unaozuia tairi kufunga, utakusaidia, lakini pikipiki nyingi za cc ndogo za mtumba hazina, kwa hiyo vidole vyako ndiyo ABS yako.

Kwa nini nakuchosha na breki badala ya kukuambia namna ya kuondoka? Kwa sababu kuondoka utajifunza tu, upende usipende. Kusimama hakuna anayekufundisha mpaka siku utakapohitaji kusimama. Fanya hesabu na mimi. Ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, lami kavu, breki nzuri na mkono unaojua, unaweza kusimama ndani ya mita 5 hivi tangu uanze kukaza breki. Ukiwa kwenye 60, mwendo umezidi mara mbili tu, lakini utahitaji kama mita 20. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Na hapo sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka. Kwenye 60 utakuwa umekwenda karibu mita 17 kabla hujagusa kitu.

Turudi kwenye ukuta wako. Ulianguka kwa sababu mbili, na woga haumo. Kwanza, uliukodolea macho ule ukuta. Pikipiki hufuata macho, na hili halina mzaha. Ukitazama shimo utaliingia, ukitazama njia ya kupita pembeni ya shimo utapita. Wakati wa kukata kona, geuza kichwa chote, kidevu kifike begani, utazame kule unakotaka kutokea. Ukuta acha uwepo tu, usiutazame. Pili, ulikata mafuta katikati ya kona. Pikipiki ikiwa imelala kidogo kwenye mwendo wa taratibu, nguvu ya injini ndiyo inayoizuia isianguke. Ukiikata ghafla, hakuna kinachoishikilia.

Hilo linatupeleka kwenye klachi, nayo ndiyo inayokuzimishia injini. Klachi ina sehemu ndogo katikati ambapo inaanza kushika. Kabla ya hapo hakuna kitu, baada ya hapo imeshashika yote. Wanafunzi karibu wote huiachia kwa haraka kuvuka sehemu hiyo. Wewe iachie kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Ukisikia injini inabadili sauti na pikipiki inataka kusogea, simama hapo hapo na mkono wako. Usiendelee kuachia. Ongeza mafuta kidogo sana, pikipiki isogee hatua chache, kisha vuta klachi na usimame kwa breki. Rudia, tena na tena, miguu ikiwa bado inagusa chini, mpaka uweze kwenda polepole kuliko mtu anayetembea bila kuzima injini. Wakikucheka uwanjani, wacheke. Mtu anayeweza kuendesha polepole bila kuyumba ana udhibiti ambao wengi wenye miaka mingi barabarani hawana.

Kona za taratibu nazo zifanye hivyo hivyo: klachi ikiwa pale inaposhika nusu, mafuta ya kutosha injini isizime, mguu ukigusa breki ya nyuma kidogo tu ili kutuliza mwendo, vidole mbali kabisa na breki ya mbele. Hapo, na hapo tu, utii amri ya shemeji.

Mwendo ukishavuka kilomita 20 hivi kwa saa, mambo yanageuka. Huwezi tena kukata kona kwa kupinda usukani kama kwenye mwendo wa kutembea. Ukitaka kwenda kushoto unasukuma mkono wa kushoto mbele kidogo, pikipiki inalala kushoto na kona inakuja yenyewe. Mtu akikueleza hivyo unaona anakudanganya, lakini mwili wako ulishalifanya kwenye baiskeli tangu utotoni bila kukuuliza. Jaribu uwanjani kwenye gia ya pili, sukuma kidogo kidogo, kushoto na kulia. Siku ukitakiwa kukwepa kitu ghafla, huko kusukuma ndiko kutakuokoa.

Umeuliza utajuaje kwamba uko tayari. Usihesabu siku. Chora mstari chini, au weka jiwe pembeni. Njoo kwa kilomita 30, anza kukaza breki ukifika kwenye jiwe, simama, kisha pima kwa hatua. Ukiona unasimama ndani ya hatua zile zile kila mara, pikipiki imenyooka, injini haijazima, na umeshusha gia mpaka ya kwanza kabla ya kusimama, sehemu kubwa umeimaliza. Ongeza kuzunguka duara kushoto na kulia bila kuweka mguu chini, kuondoka kwenye kilima bila kurudi nyuma, na kutazama vioo kisha begani bila pikipiki kuyumba. Vyote hivyo uvifanye ukiwa unaongea na mtu, si kwa kuuma meno. Kama bado unatazama chini kutafuta gia, bado hujafika.

Na leseni ya kujifunzia uwe nayo kabla ya kugusa barabara, pamoja na bima. Kama kuna shule ya udereva yenye mafunzo halisi ya pikipiki karibu nawe, lipia hata masomo machache tu. Uwanja wa shule na mtu anayelipwa kukusahihisha hauna deni la shukrani.

Kofia. Hapa sitabembeleza: mrudishie shemeji kofia yake leo. Kofia inayobaki nyuma unapogeuza shingo itakuvuka siku utakapoihitaji. Hata kama ingekutosha, ni ya zamani na hujui imeshaanguka mara ngapi. Ndani ya kofia kuna povu gumu linalojibonyeza mara moja ili kupunguza kishindo kwenye ubongo. Likishajibonyeza halirudi, na kwa nje unaweza usione hata ufa. Kofia nzuri mpya hubana mashavu kiasi cha kuyasukuma juu kidogo. Ivae, funga mkanda chini ya kidevu ubakize nafasi ya vidole viwili tu, kisha itikise kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso inapaswa kwenda nayo. Halafu ishike kwa nyuma chini na ujaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ikitoka, rudisha dukani. Tafuta alama ya ubora. Kwa kiwango cha ECE, cha Umoja wa Mataifa, ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba, kwenye kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda, na kiwango cha sasa ni 22.06, kilichochukua nafasi ya 22.05. Stika peke yake nyuma ya kofia usiiamini. Uchambuzi wa tafiti ambao Shirika la Afya Duniani limeutumia kwa miaka mingi unaonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyofungwa.

Pikipiki yenyewe ni ya mtumba, kwa hiyo usiiamini kwa kuwa inawaka. Kamata breki ya mbele: ikifika mpaka kwenye mpini, fundi kwanza. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona namba nne mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa zee sana au lina nyufa libadilishe hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado ndefu. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi. Mnyororo uusukume juu kwa kidole katikati ya sehemu ya chini. Pikipiki nyingi zinataka ucheze kama sentimita mbili hadi tatu, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu pia. Na ikianguka tena, zima kwanza. Ikiwa imelalia upande wa kulia, fungua stendi ya pembeni kabla ya kuinyanyua, isije ikapitiliza na kulala upande wa pili. Ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na mwingine ushike chuma cha nyuma, kisha isukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Usiinyanyue kwa kiuno.

Barabarani adui wako mkubwa atakuwa dereva wa gari anayekutazama bila kukuona. Ile ripoti ya 1981 ilikuta kwamba katika ajali za pikipiki na gari jingine, karibu theluthi mbili zilitokea kwa sababu gari lilimnyima mwendesha pikipiki haki yake ya kupita. Kwenye makutano, usisome uso wa dereva. Soma tairi lake la mbele, kwa sababu linaanza kuzunguka kabla gari zima halijaonekana kusogea. Ukikaribia makutano, vidole viwili viwe juu ya breki ya mbele tayari. Usikae ubavuni mwa lori. Kama huoni kioo chake, yeye hakuoni wewe. Acha sekunde mbili nyuma ya gari lililo mbele, na nne kukiwa na mvua. Zima indiketa baada ya kukata kona, maana kwenye pikipiki nyingi haijizimi yenyewe. Wapo wanaogongwa kwa sababu dereva aliamini indiketa iliyosahauliwa na akaingia barabarani. Kwa mvua na usiku, acha kabisa mwanzoni, na ikikubidi jua kwamba dakika za kwanza za mvua, mistari ya rangi na mifuniko ya chuma ndizo zinazoteleza zaidi.

Unatoka alfajiri, hilo nimeliona. Ndiyo maana nakusihi barabara yako ya kazini uijue kwanza mchana, siku ya mapumziko, magari yakiwa machache, mpaka ujue kila shimo lilipo. Vaa koti lenye utepe unaoakisi mwanga. Baada ya zamu ya usiku usiendeshe huku unasinzia. Siku hizo panda gari hata kama pikipiki ipo.

Mdogo wako usimpakie kwa sasa. Uzito wa mtu nyuma hufanya mbele ya pikipiki iwe nyepesi, kona zinakuwa nzito na umbali wa kusimama unabadilika, na kila ulichokizoea uwanjani inabidi ukijifunze upya. Siku utakapoweza kumpakia, awe anafikisha miguu kwenye vikanyagio na ana kofia yake inayomtosha. Mpaka hapo mwambie hapana, na usimpe tarehe, kwa sababu ukimpa ataihesabu.

Sasa shemeji. Usibishane naye kwa maneno, utashindwa. Yeye ana miaka barabarani nawe una kidonda. Mwambie: "Shemeji, nimeshauriwa nifanye zoezi la breki mpaka nisimame kwenye hatua zile zile. Nahitaji mtu wa kunipimia." Mpe jiwe, mpe kazi ya kuhesabu hatua, na mwombe naye ajaribu mara mbili, ya kwanza kwa breki ya nyuma peke yake, ya pili kwa zote mbili, kwa utaratibu niliokueleza, wewe ukipima. Usiseme chochote kuhusu matokeo. Mume wako naye awepo, aone kwa macho yake huo uzoefu anaousema.

Siku ya kuingia barabarani ikifika, mwombe shemeji akusindikize na pikipiki yake, lakini awe nyuma yako. Akikutangulia utakimbizana na mwendo wake bila kujua. Akiwa nyuma, mwendo unaupanga wewe, na ukitaka kusimama pembeni kupumua, unasimama.